Anti, kichwa kinaniuma kila siku na vidonge havinisaidii tena

Shikamoo Anti.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Kirumba hapa Mwanza na biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni, nanunua nasafisha napakia kwenye magunia nawatumia wateja wangu wa Kahama na wawili wa Dar. Naomba unisaidie maana nimefika mwisho, na samahani itakuwa ndefu.

Kichwa kilianza kuniuma nikiwa form two. Enzi hizo kilikuwa kinakuja mara moja kwa mwezi, sana sana zikikaribia siku zangu, kinakaa siku mbili kinaondoka. Kinaanza hapa kwenye panja la kulia, kinagonga yaani unasikia kabisa kama mtu anatwanga, af kinashuka mpaka nyuma ya jicho. Kikija sitaki mwanga, sitaki kelele, na harufu ya dagaa ambayo nimeizoea miaka yote hiyo siku hiyo nikiisikia natapika. Naingia ndani nafunga dirisha najikaza khanga kichwani nalala, mwanangu mkubwa ana miaka 9 sa hivi akiniona nimefunga khanga anaenda mwenyewe kuzima redio na kumtoa mdogo wake nje, sijawahi kumfundisha. Kuna siku kabla hakijaanza naona kitu kwa pembeni kinang'aa kama bati jipya likipigwa na jua, kina meno meno kama msumeno, kinasogea taratibu kama dakika 20 kinapotea, nikishaona hicho najua leo biashara hamna.

Sasa hicho nilikuwa nimekizoea. Shida ni huu mwaka na nusu, kichwa kimekuwa cha kila siku. Hiki kingine hakigongi, kinabana tu kichwa kizima kama nimevaa kofia ya mtoto, naamka nacho saa 10 alfajiri wakati najiandaa kwenda kupokea mitumbwi. Nikiamka nakunywa panadol mbili zile za extra, mchana nakunywa ile ya mchanganyiko yenye diklofenaki moja, usiku panadol mbili nipate usingizi. Hiyo ni siku ya kawaida, siku mbaya nakunywa mara mbili ya hapo. Kijana wa duka la dawa akiniona tu anachukua mkasi anakata vidonge kabla sijafungua mdomo. Navifunga kwenye pindo la khanga natembea navyo, nikisahau narudi nyumbani. Na sa hivi tumbo nalo linawaka moto hapa chini ya kifua.

Toka Januari nimeshameza mseto mara nne, kipimo nilipima mara moja tu nikaambiwa nina malaria wadudu wawili na typhoid na UTI vyote kwa pamoja. Mseto nikimeza siku ya tatu kichwa kikali kinaachia kweli, baada ya wiki kinarudi. Mama mkwe alinichanja chale kwenye panja akapaka dawa, nikapona siku mbili. Mume wangu zamani alikuwa ananionea huruma, sasa anasema kichwa gani hiki hakiishi, nimegeuza ugonjwa kuwa kazi. Mtaani kuna mama alifariki kwa uvimbe kichwani, na yeye alianza kwa kuumwa kichwa, toka siku hiyo silali vizuri. Nikafanye CT scan? Hela yenyewe ni ya mtaji. Presha sijapima siku nyingi. Dawa nyingine situmii ni majira tu, vile vidonge vya uzazi wa mpango, toka nilipojifungua huyu wa mwisho, mwaka wa tatu huu.

Na mwisho nikuulizie shemeji yangu yuko Ukerewe ni fundi mitumbwi, yeye anaumwa jicho moja tu na kichwa upande huo, kinamuamsha usiku saa nane kamili kila siku, jicho linatoa machozi na pua inachuruzika upande huohuo, anatoka nje anazunguka nyumba anapiga kichwa ukutani, baada ya saa moja kimeisha. Inakaa miezi miwili inapotea, mwaka unaofuata inarudi. Wao wanasema katumiwa.

Naomba usinifiche kitu Anti.

Mama Wawili, Kirumba

—

Marahaba mwanangu. Pole, na wala hukuandika ndefu, umeandika vizuri kuliko wagonjwa wengi niliowahudumia miaka yangu ya wodini, maana umenipa saa, upande, dakika na mpaka hayo meno ya msumeno. Ugonjwa wa kichwa unatambulika zaidi kwa maelezo kuliko kwa mashine, kwahiyo nusu ya kazi umeshaifanya.

Ila naanza na kitu ambacho wewe umekirusha mwishoni kwa mstari mmoja kana kwamba hakina maana. Majira.

Hicho unachokiona pembeni kinang'aa na kusogea kabla kichwa hakijaanza kina jina, madaktari wanakiita aura, na maana yake kichwa chako ni kipandauso chenye aura. Mwanamke mwenye kipandauso cha aina hii hatakiwi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, yaani vyenye estrojeni ndani, kwa sababu vikikutana hivyo viwili vinaongeza uwezekano wa kiharusi, hata kwa mtu ambaye bado kijana. Sikutishi, kwa mwanamke mmoja mmoja wa umri wako hatari yenyewe ni ndogo, lakini ipo na inaepukika kirahisi sana, ndo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeiweka kwenye kundi la usitumie kabisa. Angalia pakiti yako, ikiwa na vidonge 21 vya rangi moja na 7 vya kahawia mara nyingi ndo hivyo vya homoni mbili. Kesho nenda kliniki ya uzazi wa mpango ukiwa na pakiti mkononi, usisubiri iishe, na usiache kimyakimya ukabeba mimba usiyoipanga, mpaka upate njia nyingine tumieni kondomu. Ukifika sema hivi hivi ulivyoniandikia mimi, naona kitu kinang'aa kwa dakika 20 kabla kichwa hakijauma. Watakueleza kuhusu kitanzi kisicho na homoni kabisa, au kijiti. Najua watu wengi wanapewa majira bila kuulizwa swali la kichwa hata moja na hilo linaniuma, kwahiyo wasipokuuliza sema mwenyewe.

Haya, sasa tuje kwenye kichwa chenyewe. Una vichwa viwili mwanangu, na umehangaika miaka yote kwa sababu umekuwa unavitibu kama kimoja.

Cha kwanza ni hicho cha toka form two. Upande mmoja, kinagonga, kinakuangusha, kutapika, mwanga hutaki, kelele hutaki, kinakaa siku mbili, kinafuata siku zako. Hiki ni kipandauso wala sina haja ya kuzunguka. Kipandauso kisipotibiwa kinakaa kuanzia masaa 4 mpaka masaa 72, kinawapata wanawake mara mbili mpaka tatu zaidi ya wanaume kwa sababu ya homoni, na kinatembea kwenye familia, muulize mama yako au mashangazi zako, utashangaa.

Hesabu hapo hayo masaa 72. Ni siku tatu. Na mseto dozi yake kwa mtu mzima ni vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku ngapi? Tatu. Yaani wewe unaanza mseto kichwa kikiwa kimepamba moto, unameza, siku ya tatu kichwa kinaachia kwa sababu muda wake umeisha, sifa anapewa mseto. Chale hivyo hivyo, mama mkwe anakuchanja siku ya pili umechoka kulia, kesho yake kimeisha, chale zimefanya kazi. Mama mkwe wako alikuwa anakupenda tu na simlaumu, ila usirudie maana wembe ukishirikiwa unabeba homa ya ini na VVU. Na malaria huku kwetu kanda ya ziwa ni ya kweli kabisa na inaua, siwezi kukwambia uipuuze, ila ina homa, baridi, viungo kuuma, na ina kipimo cha tone la damu la kidole kinachotoa jibu ndani ya dakika 15 mpaka 20. Ukihisi malaria pima kwanza, ikisoma ndiyo unameza dozi yote, ikisoma hapana basi usimeze. Ukimeza mseto kila kichwa kikiuma kuna siku utakuja kuwa na ugonjwa mwingine mkubwa kabisa umeufunika na mseto.

Kichwa cha pili ndo hiki cha mwaka na nusu. Mtu akikisikia juu juu atasema ni kichwa cha kukaza, kile ambacho ndo kimeenea kuliko vyote duniani, kinabana pande zote mbili kama mkanda, hakikutapishi, unaendelea na kazi nacho, kinaletwa na uchovu, mawazo, shingo iliyoinama kutwa, njaa, na kwa kawaida ukinywa maji ukala ukalala kinaondoka. Ningekubali kama usingeniandikia mambo mawili, kwamba unaamka nacho alfajiri kila siku, na kwamba una pindo la khanga.

Vidonge vyenyewe ndivyo vinakuumiza kichwa. Najua ni kitu kigumu kukiamini, mimi mwenyewe nina kipandauso na mara ya kwanza kuambiwa hivi nilimkasirikia daktari. Kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa kichwa, akimeza dawa za maumivu za kawaida siku 15 au zaidi ndani ya mwezi, au zile za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa miezi zaidi ya mitatu, ubongo unazizoea. Usiku dawa inapungua mwilini, ubongo unaidai, unaamka saa 10 kichwa kinabana, unameza mbili kinatulia kidogo, mchana kinadai tena. Mwenye goti bovu ambaye hajawahi kuwa na shida ya kichwa anaweza kumeza hivyohivyo kwa ajili ya goti na asipate haya. Wewe unameza siku 30 kwa 30. Na hizo za extra zina kafeini ndani, ile ile ya kwenye kahawa, nayo ukiikosa inauma kichwa kivyake.

Na tuhesabu tena kitu kingine. Siku yako ya kawaida ni vidonge 5, mara mbili ni 10. Vyote hivyo, panadol za kawaida, za extra na hicho cha mchanganyiko, kila kimoja kwa kawaida kina paracetamol miligramu 500. Kumi ni 5,000. Mwisho kwa mtu mzima ni 4,000 ndani ya saa 24, yaani vidonge 8, zaidi ya hapo unachezea ini. Hukuwa unajua kwa sababu majina kwenye pakiti ni tofauti. Diklofenaki nayo ndo naishuku kwenye huo moto wa tumbo, inachubua ukuta wa tumbo na ikitumika kila siku inagusa figo, hiyo iache leo usingoje kitu kingine, na ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa unaachaje. Kabla hujaanza nenda kituo cha afya, mwambie daktari unataka kuacha dawa za maumivu na sababu. Akupime presha, wingi wa damu maana upungufu wa damu nao unauma kichwa, mimba, akuangalie tumbo, na umuombe akuangalie ndani ya jicho kwa kile kifaa chenye kitochi. Hicho kitochi ni kitu kidogo sana kwa bei lakini kinaonyesha kama kuna mgandamizo ndani ya kichwa, kwa hofu yako ya uvimbe hapo ndo pa kuanzia kabla ya kufikiria CT. Kuhusu presha wengi wanadhani kila kichwa kinachouma ni presha, ukweli presha ya kawaida hata ikiwa juu juu mara nyingi haiumi popote, ndo maana inaua watu kimya, kichwa kinakuja ikipanda sana kama 180 kwa 120 hivi. Pima tu, kwa sababu inahitajika kujua upewe dawa gani.

Halafu subiri mbalamwezi. Wewe mtu wa Mwaloni unajua kuliko mimi, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inapumzika, mzigo unakuwa mdogo. Anza siku hizo. Vidonge vyote vya maumivu unaacha kwa mkupuo, hupunguzi kidogo kidogo, (isipokuwa kama kuna siku umepewa tramadol au dawa za usingizi, hizo haziachwi ghafla, mwambie daktari). Nisikufiche kama ulivyoomba, siku za kwanza zitakuwa mbaya kuliko ulivyo sasa. Kuanzia siku ya pili mpaka ya kumi hivi kichwa kitapanda, kichefuchefu, usingizi utakimbia, utakuwa na hasira na watoto bila sababu, kwahiyo mume wako aambiwe mapema na mdogo wako au wifi aje akae na wewe. Daktari anaweza kukupa dawa ya kichefuchefu ya kukuvusha. Ukishavuka hapo kinaanza kulegea, wengine wiki mbili, wengine mpaka miezi miwili ndo wanaona tofauti kamili. Siku ya nne mkono utakwenda kwenye pindo la khanga wenyewe. Lifungue lioshe libaki tupu toka siku ya kwanza. Na yule kijana wa duka la dawa mpitie umwambie, mdogo wangu ukiniona usikate kitu, ataelewa.

Nunua daftari la kawaida la shule. Kila jioni andika tarehe, kichwa kimeuma au hapana, kilianza saa ngapi, upande gani, umekula saa ngapi, umelala saa ngapi, upo kwenye siku zako au la, na umemeza nini. Mistari miwili inatosha. Mimi langu lilinionyesha kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba nilikuwa naugua kila Jumapili, na sababu ilikuwa ni kulala mpaka saa nne baada ya zamu za wiki nzima. Kipandauso hakipendi mabadiliko, kulala kidogo kinakuja na kulala sana kinakuja. Kwako nahisi daftari litasema njaa na maji. Unaamka saa 10 na wamama wa pale wengi nawafahamu, chai ya kwanza saa tano, maji hawanywi kabisa kwa sababu choo ni cha kulipia na ukiondoka wateja wanachukuliwa. Kunywa maji mwanangu, lipa hiyo hela ya choo, kula kiporo au hata ndizi mbili kabla hujatoka nyumbani, na vaa kofia ya ukingo mpana maana mwanga unaorudi kutoka kwenye ziwa na kwenye mchanga asubuhi ni mkali sana kwa kichwa kama chako.

Baada ya vidonge vya kila siku kutoka mwilini utabaki na kipandauso chako cha zamani, na hicho kina matibabu yake. Kikianza, ukiona tu ule msumeno ukifuatiwa na maumivu, meza paracetamol mbili palepale pamoja na ile dawa ya kutapika uliyoandikiwa, usisubiri mpaka kichwa kipambe moto kwa sababu kipandauso kikishakolea tumbo linazubaa na dawa haifyonzwi. Halafu giza, kimya, usingizi. Mwisho siku mbili kwa wiki, zikizidi tunarudi kule kule. Wengine wanasaidiwa na ibuprofen au aspirini lakini kwa tumbo lako hapana. Zikishindwa kuna kundi la dawa za kipandauso chenyewe, sumatriptani ni mojawapo, si kila duka wanazo na mwenye ugonjwa wa moyo hapewi.

Na kama daftari likionyesha kipandauso kinakuja mara nne au zaidi kwa mwezi, muulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia, hii ni tofauti, unameza kila siku hata kama huumwi. Propranolo ni mojawapo, ila mwenye pumu haitumii. Nyingine ni amitriptilini, kidonge kidogo usiku, miligramu 10 mpaka 25, na hapa naomba usitishike mtu akikwambia hiyo ni dawa ya vichaa, kwa dozi kubwa inatibu sonona, kwa dozi ndogo inatuliza kichwa, utasikia mdomo mkavu na usingizi siku za mwanzo. Zote zinahitaji wiki nne mpaka nane kuonyesha kazi yake, watu wengi wanaacha wiki ya pili wanasema haisaidii.

Kuhusu uvimbe. Najua hofu hiyo, na yule mama wa mtaani kwenu Mungu ampumzishe. Kichwa chenye historia ya miaka zaidi ya 15, kinachokuja na kuondoka na katikati unakuwa mzima, kwa kawaida sicho kichwa cha uvimbe. Cha uvimbe mara nyingi kinaongezeka wiki hadi wiki bila kurudi nyuma, kinauma zaidi asubuhi pamoja na kutapika, na kinakuja na mambo mengine, mkono unapoteza nguvu, macho yanaona viwili, tabia inabadilika, degedege kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuwa nayo. Ukiyaona hayo usinisubiri mimi. Na kuna vichwa vingine vya kukimbia navyo hospitali hata usiku wa manane, kinacholipuka ghafla ndani ya dakika moja kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, chenye homa na shingo ngumu, chenye mdomo kwenda upande au maneno kutotoka, cha baada ya kuanguka na bodaboda, kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50, na cha mjamzito aliyevuka miezi mitano akiwa amevimba uso na macho yana ukungu maana hiyo inaweza kuwa njia ya kifafa cha mimba. Anayeishi na VVU akiumwa kichwa wiki nzima bila kuachia naye asikae nyumbani, kuna homa ya uti wa mgongo ya fangasi inayoanza polepole hivyo. Na nyumba nzima mkiamka vichwa vinauma siku mliyolala na jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi la mvua, tokeni nje kwanza.

Mume wako mpe simu asome hapa. Baba, mkeo hajageuza ugonjwa kuwa kazi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu bilioni 3.1 walikuwa na magonjwa ya kichwa, karibu watu wanne kati ya kumi, na kipandauso kiko kwenye magonjwa yanayowaondoa watu kazini kuliko mengi unayoyaogopa. Anaamka saa 10 na kichwa kinabana anakwenda kupokea mitumbwi. Mtoto wa miaka 9 ameelewa azime redio, na wewe nakuomba uelewe hizo siku kumi za kuacha dawa, pika, ogesha watoto, funga dirisha.

Kuhusu shemeji wa Ukerewe, hajatumiwa na mtu. Jicho moja, machozi na pua upande huohuo, saa ileile usiku, hawezi kutulia anazunguka nyumba wakati mwenye kipandauso hataki hata kugeuza shingo, inakuja kwa miezi na kupotea, hiyo inaitwa klasta, ni adimu na ni kati ya maumivu makali kuliko yote mwanadamu anayapata, ndo maana anapiga ukuta. Panadol haiigusi kwa sababu kinaisha kabla haijafanya kazi. Kinachokata ni oksijeni safi kwa barakoa kwa dakika 15 au sindano ya sumatriptani, na kipo kidonge cha kuzuia kinaitwa verapamili ambacho anaanzishwa na daktari baada ya kupimwa moyo. Kipindi kikiwa kimeanza asiguse pombe kabisa, hata glasi moja inakiita. Avuke aje mjini Mwanza na barua ya rufaa, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, na aje na maelezo hayo hayo ya saa nane usiku.

Wewe anza na majira kesho. Mbalamwezi ikiisha niandikie siku zile kumi zilikwendaje, na daftari likifika mwezi lipige picha ukurasa kwa ukurasa unitumie, nitalisoma lote.

Anti